Jaribio la Asch

Jaribio la Asch ni mfululizo wa majaribio ya saikolojia ya jamii yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1950. Lilichunguza kama mtu atafuata mkumbo hata pale macho yake mwenyewe yanapomwonyesha kuwa wenzake wamekosea. Ni maarufu sana katika mada ya ushawishi wa kijamii, lakini mara nyingi husimuliwa nusu.

Mwasisi

Solomon Asch alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1907, akahamia Marekani mwaka 1920. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1932, kisha akafundisha kwa miaka mingi Chuo cha Swarthmore. Alifariki mwaka 1996.

Utaratibu na matokeo

Kikundi cha wanafunzi kilionyeshwa kadi mbili: moja ina mstari mmoja, nyingine ina mitatu. Kila mmoja alitakiwa kutaja kwa sauti mstari upi kati ya ile mitatu unalingana na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Waliofanya kazi hiyo bila shinikizo walikosea chini ya asilimia 1. Lakini katika kikundi, mjaribiwa halisi alikuwa mmoja tu. Waliobaki walikuwa wamepangwa na mtafiti, na katika raundi 12 kati ya 18 walitoa kwa kauli moja jibu lisilo sahihi. Mjaribiwa alijibu karibu na mwisho, baada ya kuwasikia wengi wao.

Kati ya wajaribiwa 123, asilimia 36.8 ya majibu katika raundi hizo yalifuata kosa la wengi, na takriban robo tatu ya wajaribiwa waliyumba angalau mara moja. Takwimu hizi ndizo zinazorudiwa madarasani. Kinachosahaulika ni kwamba karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi, na robo ya wajaribiwa hawakuyumba hata mara moja. Asch mwenyewe aliupa msimamo huo uzito mkubwa, na kwa haki.

Ukubwa wa kikundi ulikuwa na kikomo. Mpinzani mmoja hakumtikisa mtu sana. Wawili walimyumbisha zaidi. Watatu walitosha kuleta karibu shinikizo lote, na kuongeza wengine hakukubadili mengi. Jambo la kutia moyo zaidi ni hili: mjaribiwa alipopata mwenzake mmoja tu aliyesema kweli, makosa yalishuka hadi takriban robo ya kiwango cha awali.

Sababu

Baadhi walidhani wao ndio wenye kasoro ya macho. Wengine walijua ukweli ila hawakutaka kujitenga. Mwaka 1955 Morton Deutsch na Harold Gerard walizitenganisha sababu hizi mbili: kuwategemea wengine kwa taarifa, na kutaka kukubalika nao.

Marudio kwingineko

John Berry, mwaka 1967, aliwakuta Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima, wakifuata kikundi zaidi ya Wainuit wa Kisiwa cha Baffin, ambao ni wawindaji. Uchambuzi wa Rod Bond na Peter Smith wa mwaka 1996, uliokusanya tafiti 133 kutoka nchi 17, ulionyesha kwamba nchini Marekani mwelekeo huo umepungua tangu miaka ya 1950.

Wajaribiwa wa awali wote walikuwa wanafunzi wa kiume wa vyuo vya Marekani, hivyo asilimia zao zisichukuliwe kuwa kipimo cha binadamu wote.