Patasi Iliyokuja na Reli

Tarehe 20 Desemba 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali Waingereza walipaita Port Florence, Kisumu ya leo. Vitabu vya shule hutaja chuma na simba wa Tsavo. Mimi nafuata mbao na mikono iliyozichonga.

Njia inaanzia pwani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, nakshi za Kihindi zimejaa milangoni. Mlango wa duka wa Kigujarati una vibao vingi vinavyokunjwa, hivyo asubuhi duka zima huwa wazi barabarani. Nyumba ya tajiri ina mlango mzito wenye mfaa katikati, miimo iliyochongwa maua, na misumari mikubwa ya shaba. Tajiri wa Kiarabu, Kihindi au Kiswahili alitambulika mlangoni kabla mgeni hajabisha hodi.

Mikono iliyofika ziwani ilitoka kwingine. Kati ya 1896 na 1901, Wahindi wapatao 32,000 waliajiriwa kujenga reli, wengi wao wakitoka Punjab. Miongoni mwao walikuwamo Kalasinga, yaani Masingasinga, wa jamii ya Ramgarhia, ambao kwao useremala na uhunzi ni kazi ya ukoo, baba akimrithisha mwana. Kutoka jamii hiyohiyo alitoka Bhai Ram Singh, aliyesoma Mayo School of Arts mjini Lahore, kisha akasanifu nakshi za ukumbi wa Durbar katika kasri la Osborne, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwenye kasri alikuwa Malkia Victoria. Miaka kumi baadaye, watu wa jamii ya msanii huyo walikuwa wakitoa jasho kufikisha reli kwenye ziwa lililopewa jina la malkia yuleyule.

Huku Kisumu hakuna aliyewaagiza nakshi za maua. Reli na bandari zilitaka mapaa, madirisha, mabehewa na samani za ofisi. Kwa hiyo anayetafuta Kisumu milango kama ya Unguja atachoka bure. Urithi wa Punjab hapa umo kwenye kiungo: fundi hupima, hutoboa tundu kwa patasi, huchonga ulimi upande wa pili, kisha hugonga polepole mpaka mbao mbili zishikane bila msumari. Kiungo kikikaa sawasawa, huoni hata mstari.

Wahindi wapatao 6,700 walibaki baada ya mikataba kwisha, wengine wakifungua karakana. Vijana wa Kiafrika waliingia humo kama vibarua wa kubeba mbao na kupiga msasa, wakajifunza kwa kutazama. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa 1906, nayo ilifundisha useremala. Ndiyo maana ufundi haukubaki mikononi mwa Wahindi pekee. Leo katika soko la Kibuye, Kisumu, vitanda na makochi vinaundwa juani, na sasa patasi inachonga hata maua kwenye ubao wa kichwani.

Sifa za reli tumewapa wahandisi na magavana, na maseremala tumewaacha bila majina. Hilo si haki. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, yanafaa kukusanya randa, patasi na milango ya maduka ya zamani kabla haijawa kuni. Nawe msomaji, kama babu yako alijifunza kazi katika karakana ya Kalasinga, keti naye na uandike anayokumbuka.