Mikono Iliyosuka Shogi

Nyanya yangu, wa mtaa wa Langoni kisiwani Lamu, alikuwa na kazi ambayo karani yeyote wa serikali asingeiandika kwenye daftari lake: alishona mashogi ya punda. Milala ililetwa kwa mashua kutoka bara, imefungwa matita. Aliianika uani, akaichana kwa ukucha wa kidole gumba, akailoweka ilainike, kisha akasuka ukili mrefu aliouviringisha kando yake kadiri ulivyozidi. Ukitosha, alichukua shazia akaushona mstari kwa mstari mpaka ukawa mfuko mpana wenye mdomo katikati, wa kuning'inia pande zote mbili za mgongo wa punda. Hilo ndilo shogi. Mjukuu wa kiume alilipeleka kwa mwenye punda na kurudi na pesa. Yeye mwenyewe hakutoka. Wanawake wa umri wake walitoka kwa arusi na kwa matanga.

Makala ya punda wa Lamu huwataja mahamali, matajiri wenye punda na, tangu miaka ya 1980, madaktari. Walioshona mashogi hawamo. Nami naona ukiwaacha hao huwezi kueleza vizuri kwa nini kumtibu punda kuligeuka, polepole, kuwa habari ya riziki za wanawake.

Mji wenyewe, ule UNESCO iliouingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, ulipanda kwa migongo ya punda. Mawe ya matumbawe yalivushwa kutoka Manda, boriti zikatoka kwenye mikoko, chokaa na mchanga vikaja kwa vyombo, na vyote vikateremshwa ufukweni. Kutoka hapo ni vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuza bega. Gari haliingii. Kwa miaka mingi gari tulilolijua lilikuwa la mkuu wa wilaya, nalo halikuwa na pa kwenda ila kando ya bahari, likarudi.

Hamali hulipwa kwa safari au kwa mzigo, kwa hiyo hana sababu ya kupakia kidogo. Mchanga uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na wenye nyumba hawapendi kungoja ukauke. Kamba ikilegea shogi huteleza, ukingo wake husugua palepale mabegani, chumvi ya mchanga ikaingia kwenye kidonda. Jioni punda hufunguliwa akajitafutie. Mgeni akimkuta saa tatu usiku anakula maganda ya maembe mlangoni pa watu, humwita punda asiye na mwenyewe. Watoto wa mtaa wanajua ni wa nani. Ila ni kweli kwamba usiku hakuna anayemwangalia. Zamani alikula maganda na makuti. Ilipokuja mifuko ya plastiki akala na hiyo, akafa kwa tumbo. Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwezi Agosti 2017 sikusikia mtu akimtaja punda, na pengine hapana aliyefaidika kama yeye.

Katikati ya miaka ya 1980 alikuja Lamu Mwingereza mmoja, Elisabeth Svendsen, aliyekuwa ameanzisha shirika la kutunza punda huko Devon mwaka 1969. Alikuja kama mgeni wa kawaida, akaona punda waliokonda, wenye minyoo na vidonda. Mwaka 1987 shirika lake, The Donkey Sanctuary, lilifungua kituo mbele ya bahari, na matibabu yakawa bure.

Mjini hayakupokelewa kwa makofi tu. Watu walisema: sisi hatuna dawa, punda wana daktari. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini dawa ya minyoo haihitaji mahubiri. Manyoya yalirudi kung'aa, punda akamaliza siku bila kuanguka, na mwenye punda akaona faida mfukoni. Wakaanza kuwaleta wenyewe.

Kituo kilihimiza jambo lingine dogo: punda awekewe kitu laini mgongoni kabla ya shogi. Habari hiyo ilifika uani kwetu kwa njia ya biashara. Alikuja mtoto wa hamali mmoja kutaka tandiko la chini, nene, lisilo na ncha za milala. Nyanya alilishona, akalitoza bei yake mbali na ya shogi. Nakumbuka alivyocheka. "Punda mepata daktari," alisema kwa Kiamu chake, "nami nimepata kazi."

Bara mambo yalikuwa wazi zaidi, kwa kuwa huko mwanamke humswaga punda mwenyewe. Chukua mama wa Kajiado au Kitui aliye mbali na kisima. Mgongoni anabeba dumu moja la lita 20. Akiwa na punda anarudi na madumu manne, mawili ya nyumbani na mawili ya kuuza. Kwa hayo mawili ananunua unga, analipia daftari la mtoto, anatoa mchango wa chama. Ndiyo maana mashirika kama Brooke na KENDAT yalipoingia vijijini yalikuta vikundi vya akina mama vinaweza kuchangishana pesa za dawa. Waliokuwa wakihesabu mapato ya punda kila siku hawakuhitaji kuelezwa hasara ya kidonda.

Kisha ikaja biashara ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoka gundi, ejiao, inayotumiwa kwa dawa za kienyeji nchini Uchina. Kenya iliruhusu punda achinjwe kwa nyama mwaka 2012, na kuanzia 2016 machinjio yakafunguliwa, likiwemo la Mogotio kaunti ya Baringo na la Naivasha. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike huchukua takriban mwaka mzima kuzaa mtoto mmoja. Hesabu hiyo haiwezi kujilipa. Bei ikapanda, na wezi nao wakaamka. Watu walikuta mizoga vichakani imechunwa, nyama imeachwa. Aliyeibiwa punda alirudi kubeba dumu mgongoni, na yale mawili ya kuuza hayakuwapo tena.

Mwezi Februari 2020 wenye punda, wanawake wakiwemo, waliandamana Nairobi hadi wizara ya kilimo. Waziri Peter Munya aliwatokea, akatangaza kwamba uchinjaji umekatazwa. Watetezi wa wanyama walikuwa wamelia kwa miaka kadhaa juu ya ukatili wa machinjio, na hawakukosea. Lakini kwa maoni yangu kilio chao kilipata nguvu siku walipotanguliwa na watu waliopoteza chakula cha watoto. Mei 2021 Mahakama Kuu ikalitengua katazo hilo. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15.

Lamu ya leo ina bodaboda pembezoni mwa mji, na hamali wengi hutumia magunia ya nailoni mahali pa shogi. Gunia ni rahisi, ila huteleza na kuchubua, na halimpi mwanamke wa Langoni hata shilingi. Shirika lolote linalotibu vidonda vya mgongo lingeweza kununua matandiko ya ukili kwa wanawake hao na kuyagawa pamoja na dawa. Milala bado inaota, na wanaojua kusuka bado wapo.

Kwa wabunge wetu nina ombi moja. Azimio la Addis Ababa litamlinda punda wa Kenya likiandikwa katika sheria, maana amri ya waziri tumekwisha kuiona ikianguka mahakamani. Mkikaa kulijadili, waiteni kwanza akina mama wa madumu manne.