Mkate wa Mchele kwenye Sinia ya Idi

Siku ya Idi, huku kwetu Nyangwe, sinia inakaa katikati ya mkeka na mkate wa mchele juu yake. Wamama wanalowesha mchele usiku, wanautwanga, wanatia sukari na chachu, wanauacha uumuke. Sufuria inapata makaa chini, na mengine juu ya kifuniko. Kazi iko hapo: moto wa juu ukizidi, uso unaungua na ndani kungali kubichi. Pwani wanatia tui la nazi na kupamba kwa zabibu. Sisi, nazi iko mbali, tunapanga vipande duara tu, na sinia inapendeza.

Mpunga wenyewe uliletwa na wafanyabiashara wa pwani, waliofungua kituo hapa karibu mwaka 1860. Waliolima ni watumwa. Tena ni watu wa hao matajiri waliopiga bunduki sokoni Nyangwe tarehe 15/7/1871, Livingstone akiona kwa macho. Waarabu wenyewe walikadiria wafu 330 mpaka 400, wengi wao wanawake, wengine wakizama Lualaba.

Kuna wanaosema hayo yasitajwe siku ya furaha. Sisi tunaona mtoto anayepewa kipande aambiwe. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis liliteka mji, utawala wa matajiri wale ukaisha. Mpunga ukabaki mashambani mwa wenyeji.