Semina isiyo na posho

Ukitaja "semina" Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, msikilizaji ataona bango ukutani, chai ya saa nne, daftari jipya na posho ya kufungia siku. (Posho ya fedha, si ile ya mahindi.) Maana hiyo imeota mizizi Afrika Mashariki nzima, nayo humponza mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi-baiolojia anapotakiwa kuhudhuria semina ya utafiti kila wiki. Anakwenda akidhani atafundishwa, kumbe atahojiwa.

Semina ya utafiti ni kikao cha siku na saa zisizobadilika, ambamo mtafiti huwawekea wenzake kazi ambayo bado ni mbichi waipekue. Hapo ndipo inapoachana na mhadhara, ambao una msemaji mmoja mjuzi, na warsha, inayofundisha stadi kwa vitendo. Kongamano hungoja kazi iive.

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara anaunda mtambo wa oksijeni kwa vituo vya afya vya milimani. Mtambo hufyonza hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, huipitisha kwenye zeolaiti inayonasa naitrojeni, kisha hutoa oksijeni ya asilimia 90 na ushei. Anaonyesha grafu safi. Mwenzake anauliza: hiyo 90 ni kwa lita ngapi kwa dakika? Swali zito, kwa kuwa mtiririko ukizidi uwezo wa mtambo, usafi wa oksijeni hushuka. Mwingine: umeme ukikatika usiku, mtoto atapumua nini? Na chujio la vumbi atalisafisha nani? Grafu inarudi mezani. Semina imefanya kazi yake.

Asili ya neno ni Kilatini, *seminarium*, yaani kitalu cha miche. Vyuo vikuu vya Ujerumani vililichukua katika karne ya 18 kwa mikutano ya wanafunzi na mwalimu wao. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, Kifaransa cha Kongo kina neno moja kwa kikao hiki na kwa shule ya mapadri. Kiswahili kimetenga semina na seminari, na nadhani kimefanya vyema. Wapo watakaopenda "baraza la utafiti", ila baraza hutoa uamuzi, na tayari ni jina la taasisi za serikali. Mimi nabaki na "semina ya utafiti", mradi "ya utafiti" isidondoshwe.

Uhandisi-baiolojia nao usichanganywe na kazi ya wahandisi vifaa tiba, kama Watanzania wanavyowaita wanaotunza mashine za hospitali. Huu unagusa hata tishu na seli.

Kuendesha semina ya utafiti si kazi ngumu. Dakika 20 za kueleza, 40 za maswali. Anayewasilisha atume kurasa mbili mapema. Msimamizi aseme mwisho, maana akitangulia yeye, wanafunzi wataitikia tu.