Albamu ya chombo cha anga, na kaseti zilizofika Dadaab

Leo tuweke programu pembeni kidogo tuongee historia ya muziki, maana nayo ina teknolojia nyingi ndani yake.

Mwaka 1970 mwanamuziki wa Marekani, Paul Kantner, alitoa albamu iitwayo Blows Against the Empire. Ni roki ya aina inayoitwa saikedeliki: magitaa yenye mwangwi, sauti zinazozunguka, muziki wa kumhamisha msikilizaji kutoka alipo. Upande wa pili wa santuri unasimulia hadithi moja: vijana waliochoshwa na utawala wanateka chombo cha anga na kuikimbia dunia. Mwaka 1971 albamu hiyo ilishindania Tuzo ya Hugo ya hadithi za kisayansi, katika kundi ambalo kwa kawaida ni la filamu na televisheni. Wapiga kura wakaamua hakuna anayestahili, na tuzo haikutolewa. Mwaka mmoja kabla, tuzo hiyo hiyo ilikwenda kwa matangazo ya televisheni ya Apollo 11 kutua mwezini.

Kwa nini naanza mbali hivyo? Kwa sababu wasikilizaji wale waliijadili safari ya kukimbia wakiwa wamekaa sebuleni kwao. Huku kwetu wako wasikilizaji waliokimbia kweli, na muziki wao leo unauzwa Ulaya na Marekani kwa jina lile lile, saikedeliki.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Mogadishu. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipangwa kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Waliovuka mpaka walibeba kilichobebeka, na redio na kaseti ni vitu vyepesi.

Kaseti zenyewe zilikuwa na nini? Mogadishu ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na bendi kali. Iftin ilikuwa chini ya Wizara ya Elimu. Waaberi ilikuwa kundi la taifa la waimbaji na waigizaji. Dur-Dur Band ilikuwa bendi ya watu binafsi, yenye besi nzito, kinanda cha umeme na gitaa la kulia. Lakini santuri zilikuwa chache sana. Nyimbo zilirekodiwa redioni au ukumbini, kisha zikanakiliwa kaseti kwa kaseti madukani na majumbani.

Wale wa kompyuta mtaelewa haraka: huu ulikuwa mtandao usio na seva. Kila mwenye redio yenye nafasi mbili za kaseti alikuwa kituo cha kusambazia. Ila nakala ya kaseti si kama nakala ya faili. Kila ukinakili, sauti za juu zinapungua na mchakacho unaongezeka. Kwa hiyo wimbo uliofika mbali ni ule ambao watu waliupenda kiasi cha kuuvumilia ukiwa umechakaa. Maoni ya msikilizaji yalikuwa ni kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Na zile albamu za hadithi moja? Wasomali walikuwa nazo kwa njia yao. Nyimbo nyingi zilitoka kwenye riwaayad, yaani tamthilia ya jukwaani yenye mashairi na nyimbo. Mfano mzuri ni Shabeel Naagood ya Hassan Sheikh Mumin, ya mwaka 1968. Ukikutana na wimbo mmoja peke yake bila kuijua tamthilia, umeshika sura moja ya kitabu.

Hapo ndipo maoni yanapogawanyika. Dur-Dur Band ilitolewa upya Marekani mwaka 2013. Mkusanyiko wa Sweet As Broken Dates ukatoka 2017 na kupendekezwa kwa Tuzo za Grammy, kisha Mogadisco ikafuata 2019. Wasikilizaji wa nje walisifu gitaa, kinanda na mdundo. Hawakukosea, muziki ni mtamu kweli. Lakini msikilizaji wa Kisomali huanza na maneno: nani alitunga shairi, nani alitia lahani, na je, mpenzi anayelalamikiwa ni mpenzi kweli au ni serikali? Chini ya Siad Barre fumbo lilikuwa njia ya kusema. Maryam Mursal wa Waaberi alipigwa marufuku kuimba baada ya wimbo wa kuisema serikali, akaishi kwa udereva. Vita vilipokuja alisafiri na watoto wake watano kwa miezi kama saba kupitia Kenya na Ethiopia hadi Djibouti, kisha akapata hifadhi Denmark. Mwaka 1998 alitoa albamu iitwayo The Journey, yaani Safari. Safari hiyo haikuhitaji chombo cha anga.

Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliamuru redio za Mogadishu ziache muziki. Nyingi zilitii, na mahali pa vionjo vya muziki wakaweka milio ya risasi, magari na wanyama. Hakuna bendi ya saikedeliki iliyowahi kubuni jambo la ajabu kama hilo. Wakati huo kaseti kuukuu iliyokuwa kambini ilikuwa ghala la taifa.

Maghala makubwa yameshaanza kushughulikiwa. Redsea Cultural Foundation ya Hargeisa imekusanya kaseti zaidi ya 10,000, na Radio Mogadishu imekuwa ikihamishia kanda zake kwenye kompyuta. Zilizobaki kwa watu binafsi, kwenye joto na vumbi, hazina muda mrefu.

Kama nyumbani kuna kaseti, fanya hivi. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti. Rekodi kwa WAV, si MP3. Saa moja ya stirio ni kama MB 635 tu. Usiondoe mchakacho kwenye faili la asili, fanyia usafi nakala. Halafu fanya lile ambalo programu haiwezi: mketishe mzee au mama aliyeileta kaseti, mchezee, umuulize ni nani anaimba, maneno ni ya nani, yanamsema nani, na kaseti ilipita wapi. Rekodi majibu yake, uyahifadhi folda moja na wimbo.

Kwenye hifadhidata, sehemu ya "aina ya muziki" huingia neno moja tu. Ukiandika "saikedeliki" na kuishia hapo, mtoto aliyezaliwa Ifo atakuja kuusikia wimbo wa mama yake kama mgeni anavyousikia: gitaa zuri, na maneno asiyojua yanamsema nani.

Haya wadau, mwenye kaseti na aseme. Tukutane wakati mwingine.