Ardhi ni ya Leta: sheria ya mwaka 1973 na mashamba ya Kibumba



Katika mashauri ya mashamba yanayoletwa mbele ya wazee wetu hapa Kibumba, kuna neno moja ambalo likisemwa hufunga vinywa vya wote: ardhi ni mali ya Leta. Mnunuzi aliyetoka mjini hulisema akiwa ameshika karatasi mkononi. Mkuu wa kijiji hulisema anapotaka kugawa kwa mara ya pili shamba lililokwisha kugawiwa. Hata shemeji anayetaka kumwondoa mjane katika viazi vyake hulisema, ingawa hajui limetoka wapi. Tumeona inafaa kueleza limetoka wapi, kwa maana neno hilo lina tarehe yake, na tena lina sehemu ya pili ambayo karibu hakuna anayeitaja.

Chanzo chake ni cha kale kuliko wengi tunavyodhani. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa ya Mfalme Leopold wa Pili, ilitoa amri juu ya ardhi. Amri hiyo ilisema mambo matatu kwa pamoja: mtu asikalie ardhi tupu bila hati, wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanazozikalia, na ardhi zote zilizo tupu zihesabiwe kuwa mali ya Dola. Tuzingatie mwaka. Mzungu wa kwanza kupanda mlima Nyiragongo, Mjerumani von Götzen, alifika katika nchi hizi mwaka 1894. Mpaka kati ya Wabelgiji na Wajerumani upande wetu ulikubaliwa mwaka 1910 tu, huko Bruxelles. Basi ardhi iliyo chini ya Mikeno ilikuwa imekwisha kuandikiwa sheria miaka tisa kabla ya mgeni yeyote wa Ulaya kuitazama kwa macho yake.

Kila kitu kilitegemea maana ya neno «tupu». Mkulima wa milima hii hupumzisha shamba. Huliacha miaka kadhaa ili udongo mwembamba uliolala juu ya mawe ya volkano upate nguvu tena. Mfugaji hupeleka ng'ombe mahali fulani wakati wa kiangazi, kisha huondoka. Wambuti walitembea msituni wakitafuta asali, nyama na dawa, bila kujenga ukuta wowote. Machoni pa mwandishi wa amri, shamba lililopumzishwa, malisho na msitu wa asali vyote vilikuwa tupu. Ni kweli kwamba baadaye, kwa amri ya tarehe 31 Mei 1934, ukoloni ulitaka uchunguzi ufanywe kabla ya kusema ardhi fulani haina mtu. Lakini aliyechunguza alikuwa mtumishi wa serikali ileile iliyoitaka ardhi hiyo.

Hapa kwetu sheria haikuja kwanza kama maandishi. Ilikuja kama mpaka. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji aliweka sahihi amri iliyounda hifadhi ya wanyama iliyopewa jina lake, kuzunguka milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke, ili kuwalinda sokwe wa milimani. Kwa amri ya mwaka 1929 ikapanuliwa sana, na mwaka 1935 ikapanuliwa tena. Hiyo ndiyo tunayoiita leo Virunga, jina ililopewa mwaka 1969. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Sisi hatupingi ulinzi wa viumbe. Ni kazi njema, na mvua yetu yatoka katika msitu ule. Ila ni lazima isemwe kwamba toka siku ile mama wa Kibumba aliyeingia msituni kuokota kuni amekuwa mvunja sheria, wakati bibi yake alikuwa mama mwenye bidii tu. Carl Akeley, Mmarekani aliyeshauri hifadhi hiyo iundwe, alifariki huko juu Kabara mwaka 1926 akazikwa palepale. Mgeni huyo ana kaburi ndani ya hifadhi. Mjukuu wa Mmbuti haruhusiwi kuingia kuchuma jani la dawa.

Mwaka 1928 ikaongezwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ambayo Wabelgiji waliipa madaraka ya kuwagawia walowezi ardhi katika jimbo lote. Mashamba makubwa ya Masisi na Rutshuru mengi yana mizizi yake huko. Kwetu Kibumba, penye mawe mengi na maji haba, walowezi hawakupatamani sana, na labda hilo lilitupa miaka michache ya utulivu.

Baada ya uhuru, nchi ilijikuta na ardhi nyingi mikononi mwa makampuni ya kigeni. Ndipo ilipotoka sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayoitwa kwa jina la mbunge Bakajika. Ilirudisha kwa taifa la Kongo haki zote juu ya ardhi na madini yaliyomo ndani yake. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Kisha, tarehe 20 Julai 1973, ikatoka sheria kubwa ya ardhi, namba 73-021, ambayo ilirekebishwa mwaka 1980. Ibara yake ya 53 ndiyo mama wa neno letu: ardhi ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi, wala haipotei kwa kupita kwa miaka. Tangu hapo, anayesema «nimenunua ardhi» kwa kweli amenunua haki ya kuitumia. Raia wa Kongo aweza kupewa haki hiyo kwa muda usio na mwisho, mgeni kwa miaka iliyohesabiwa.

Nia ya waandishi wa sheria hiyo haikuwa mbaya. Ukoloni ulikuwa umeacha ardhi za aina mbili: ardhi za wazungu zenye hati na ramani, na ardhi za wenyeji zisizo na karatasi yoyote. Sheria ya 1973 ilitaka kuondoa utengano huo wa aibu. Ibara ya 387 inasema kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zinakuwa ardhi za Leta. Ibara ya 388 inaeleza ardhi hizo ni zipi: ni zile ambazo jamii hizo zinaishi ndani yake, zinazilima au kuzitumia kwa namna yoyote, mtu mmoja mmoja au kwa pamoja, kufuatana na mila na desturi. Mpaka hapo shamba la Kibumba linaonekana wazi ndani ya sheria. Ndipo ifuatapo ibara ya 389, na hiyo ndiyo sehemu ya pili ya neno letu: haki za kutumia ardhi hizo, zilizopatikana kihalali, zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri.

Amri hiyo haikutolewa. Mobutu aliyeiahidi alitawala miaka 24 zaidi bila kuitoa. Tarehe 20 Julai 2023 sheria ilitimiza miaka 50, na ahadi ya ibara ya 389 ilikuwa bado ahadi.

Katika pengo hilo ndimo tulimoishi. Kwa kuwa hakuna amri, hakuna anayeweza kumwonyesha mkulima ni karatasi gani inayolinda shamba la kurithi. Lakini sheria hiyohiyo inamwonyesha mwenye fedha njia iliyonyooka: aombe ardhi, uchunguzi ufanywe kama ni tupu, wapimaji waje, kisha apewe hati ya uandikisho, ile ambayo wengi wetu huiita sertifika. Ikiisha kupita miaka miwili, hati hiyo haishambuliki tena. Aliyepoteza ardhi aweza kudai fidia tu. Uchunguzi umewekwa katika sheria ili kuwalinda wenyeji, na tangazo lazima libandikwe. Lakini tangazo hubandikwa ofisini, kwa Kifaransa, na mama wa Kibumba yuko njiani kuelekea Goma akifuata chukudu lililobeba kabichi zake. Miaka miwili hupita upesi kwa mtu asiyejua kwamba inahesabiwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria iliyosema ardhi si ya mila iliwapa baadhi ya wakuu wa mila nguvu ambazo mababu zao hawakuwa nazo. Zamani mkuu alimpa mtu mahali pa kulima, akapokea zawadi ya pombe au mbuzi, na hakuweza kumtoa bila wazee kukaa na kusikiliza. Leo muhuri wake ndio unaothibitisha kwamba mahali fulani ni tupu au pana mtu. Muhuri una bei, na wanaoweza kuilipa mara nyingi si wale wenye jembe. Wapo wakuu waaminifu, tena tunawajua, wanaokataa kutia muhuri mpaka wawaone majirani wa pande zote nne. Lakini sheria haikuwalazimisha kuwa hivyo. Na tusisahau kwamba mwaka uleule wa 1973, mwezi wa Novemba, ilitangazwa Zaireanizasyo, na mashamba makubwa ya wageni yakagawiwa waliokuwa karibu na utawala. Wenye kujua njia ya ofisi walikuwa tayari.

Wanaosoma Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, watatambua habari hii. Tunapoieleza habari ya Naboti, huwa tunakazia tamaa ya Ahabu na ukatili wa Yezabeli. Tuangalie pia namna ilivyofanyika. Yezabeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wakaketi baraza, wakaleta mashahidi wawili, kama sheria ilivyotaka. Hakuna hatua iliyorukwa. Naboti alikuwa na neno moja tu la kujibu: urithi wa baba zake. Katika lugha ya siku zetu tungesema alikuwa na ibara ya 388, bila ya 389.

Vita viliongeza uzito wa pengo hilo. Mwaka 1994 wakimbizi karibu 200,000 kutoka Rwanda walipiga kambi hapa Kibumba, mahali ambapo hata wenyeji hutegemea maji ya mvua. Mashamba yalikanyagwa, miti ya mipaka ikakatwa kuwa kuni, na msitu wa hifadhi ukaliwa pembeni mwake. Kambi ilipovunjika katika mapigano ya Oktoba 1996, waliorudi walitambua mashamba yao kwa kuta za mawe tu, na mawe huhamishika. Volkano nayo ina sheria yake: mlipuko wa Mei 2021 ulikata barabara ya kwenda Rutshuru, na palipomiminwa moto mpaka hauonekani tena. Mwishoni mwa mwaka 2022 watu wa Kibumba walikimbia tena, wengi wakalala chini ya turubai Kanyaruchinya. Tarehe 23 Desemba 2022 M23 walitangaza kukiachia kijiji chetu jeshi la Afrika Mashariki. Waliothubutu kurudi walikuta baadhi ya mashamba yamelimwa na wengine. Nani aseme yalikuwa tupu?

Sheria mpya hazikukosekana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Maneno hayo mawili ya mwisho ni hazina. Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 inatambua haki za kimila za kila jamii juu ya ardhi yake. Ile ya tarehe 15 Julai 2022 imewatambua Wambuti na haki zao, karibu miaka mia moja baada ya hifadhi kuundwa. Kila moja imeongeza jiwe zuri, lakini nyumba ya 1973 bado haina mlango.

Sheria moja tunataka kuikazia zaidi, kwa sababu hapa kosa si la Leta peke yake. Kanuni za Familia za tarehe 1 Agosti 1987 zinasema watoto wote, wa kiume na wa kike, ni warithi wa kwanza, nao hupewa robo tatu ya urithi. Mjane yumo pia katika warithi, na ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kwenda mbele ya mahakama. Sheria hiyo haikungoja amri ya Rais, imekamilika. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi za Kikristu, binti hupewa sufuria na mwana hupewa shamba, na wazee walewale wanaolia kwamba Leta haiwatambui hawamtambui binti yao.

Kwa hiyo wazee wa shirika, wanapopokea shauri la shamba siku hizi, huanza kwa kuandika. Daftari la kawaida la shule latosha. Majirani wa pande zote nne huitwa shambani, si barazani, na kila mmoja huonyesha ukuta wake wa mawe. Huandikwa jina la aliyelima kwanza, jinsi alivyopapata, miaka ambayo shamba lilipumzishwa au liliachwa kwa ajili ya vita, na majina ya watoto wote, mabinti pamoja. Mkuu wa kijiji hualikwa kutia sahihi pamoja na mashahidi. Mwenye shamba hubaki na nakala moja, na nyingine huwekwa mbali na Kibumba, kwa ndugu au parokiani, kwa kuwa nyumba huungua. Karatasi hiyo si sertifika, na tunawaambia watu hivyo waziwazi. Lakini siku wapimaji wanapokuja kuuliza kama mahali ni tupu, kuna kitu cha kuwasomea.