Nani Ameiona Picha Kabla Yako? Historia ya Picha Ndogo Mpaka Printa ya Nyumbani



Maharusi tunaowashonea wanatuuliza sana siku hizi: tununue printa gani ya kutolea picha ndogo za albamu, au za kuwagaia mashoga usiku wa hina? Tunapenda kulijibu kwa kurudi nyuma kidogo, maana printa hizi zimekuja kuondoa tatizo ambalo mama zetu walilijua vizuri.

Hapa Unguja picha si jambo geni. Studio ya A. C. Gomes ilikuwepo mjini tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe. Mwanamke aliyekwenda studio alivaa akijua nani atasimama mbele yake na kamera. Shida ilianza kamera zilipoingia majumbani. Sasa wanawake waliweza kupigana picha wenyewe chumbani, nywele wazi, singo haijaoshwa. Lakini mkanda wa picha 24 au 36 ukijaa, ilibidi upelekwe dukani kusafishwa, na mara nyingi msafishaji alikuwa mwanamme. Alizipitia zote, moja moja, kabla ya mwenyewe. Tunadhani hiyo ni sababu moja ya albamu nyingi za wazee wetu kuwa na biharusi wa ukumbini tu. Za ndani, nani angethubutu kuzipeleka?

Dawa ya kwanza ilitoka mbali. Mwaka 1943 Mmarekani Edwin Land alikuwa mapumzikoni Santa Fe na familia yake, binti yake mdogo akamuuliza kwa nini hawezi kuiona picha pale pale. Mwaka 1947 Land alionesha New York picha inayojisafisha wenyewe bila fundi, na mwaka 1948 kamera ya Polaroid ikaanza kuuzwa Boston. Yeye alikuwa anafuata haraka. Biharusi wa kwetu akiitazama kamera ile anaona stara: hakuna mkanda wa kupeleka dukani, hakuna mtu wa kati.

Printa ndogo za leo ni wajukuu wa fikra hiyo. Zipo za aina tatu ambazo tungekushauri uzitazame.

Instax ya Fujifilm ilitoka mwaka 1998 kama kamera, na sasa kuna printa zake zinazopokea picha kutoka kwenye simu. Picha ya mini ni kama milimita 46 kwa 62, na ukingo mweupe wa kuandikia dua au jina. Inapendeza, ila kwa macho yetu dhahabu na hina hufifia. Zink ilikuja mwaka 2008 na printa ya Polaroid PoGo. Haina wino kabisa. Rangi zimo ndani ya karatasi na joto ndilo linaloziamsha. Nyuma ina gundi, kwa hiyo inafaa kubandika kwenye vijaluba vya zawadi. Usiiache karatasi yake ndani ya gari juani.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda, kama SELPHY ya Canon. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 huingia na kutoka mara nne: manjano, waridi iliyokoza, buluu ya bahari, halafu tabaka jepesi la kuilinda na maji na vidole. Darizi ya gauni inaonekana uzi kwa uzi, na sisi mafundi cherehani hilo tunalitazama kwanza. Karatasi na utepe wa rangi huuzwa pamoja kwa idadi, kwa mfano picha 108, kwa hiyo hesabu yako unaijua mapema. (Printa za wino wa maji tumeziacha makusudi. Zikikaa muda bila kazi wino hukauka, na harusi si ya kila wiki.)

Lakini hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Utepe ule hautumiki mara mbili. Kila picha inachukua kipande chake, na rangi ikishahamia kwenye karatasi, umbo la picha linabaki kwenye utepe. Uvute uuelekeze kwenye taa: utamuona biharusi, sura na nywele, kama kwenye mikanda ya zamani. Ukiutupa jaani mzima, umemrudisha yule mtu wa dukani.

Basi utepe ukimalizika, mwambie somo au dada yako akae nao, auvute wote kutoka kwenye kasha lake na kuukata kwa mkasi vipande vidogo vidogo, sura zisisalimike. Na kwenye simu, zima ile huduma ya kupandisha picha zenyewe intaneti kabla hamjaanza kupiga.